Macho Wazi Barabara ya Mutomo

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa tayari ni nyanya wa watu. Binti yangu alipata kazi ng'ambo, akaniachia gari lake dogo jeupe nyumbani Kalamba, akaniambia, "Mama, likikaa litaoza. Jifunze." Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule, na mguu wangu umekanyaga pedali tangu usichana wangu. Nikawaza, hiyo nayo si pedali tu?

Lakini aliyenitoa nyumbani hasa ni mwaitu, mama yangu mzazi. Nimeolewa Makueni ila nimezaliwa Nuu, kule mbele ya Mwingi, na mwaitu alikuwa amebaki katika boma la baba pamoja na msichana wa kumpikia, macho yake yamefunikwa na utando mweupe. Kumfikia kwa magari ya abiria ilikuwa ni kushuka hapa na kupanda pale mpaka unasahau ulitoka wapi. Nilikuwa mjane, watoto wamekua. Nani angenizuia?

Shule ya udereva ilinifundisha sheria, lakini barabara nilifundishwa na kaka yangu. Yeye aliendesha malori maisha yake yote, na baada ya kustaafu akajenga Emali. "Usipitie Machakos," aliniambia. "Kule kuna milima na watu wenye haraka. Wewe shika barabara kuu mpaka Kibwezi, halafu ukate kushoto, uingie lami ya Mutomo na Kitui. Imenyooka, imetulia. Hiyo hata mtoto anaendesha."

Leseni ya siku hizi ni kadi, na kadi hiyo ina pointi. Ukivunja sheria unakatwa pointi, na zikipungua sana leseni inafungwa. Dereva mpya ndiye anayeangaliwa kwa jicho kali kuliko wote. Mwalimu alipotueleza hayo darasani, vijana walinung'unika. Mimi nilitabasamu. Mtu wa kanisani, mtu wa kutembea polepole hata akiwa amechelewa, pointi zangu zingeenda wapi?

Kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambako malori yalinipita kama nyumba zinazohama, sikukosea hata siku moja. Woga ulinishika kola. Niliomba kwa sauti, nikaushika usukani kwa mikono miwili, nikafika Kibwezi blauzi imelowa mgongoni. Ni baada ya kukata kushoto ndipo mabega yaliposhuka.

Barabara ile inateremka hadi mto Athi, inavuka daraja na kuingia Kitui, kisha inanyooka. Huku na huku ni vichaka vya kijivu, miti iliyopukutika majani, udongo mwekundu. Mchana wa jua kali hakuna kivuli wala mtu. Lami ya mbele inameta kama maji, na ukiyafuata maji hayo yanarudi nyuma. Gari linakwenda lakini unaona kama halijasogea, maana kichaka unachokiacha na kichaka unachokikuta ni kimoja.

Siku ya kwanza, redio ndiyo iliyoniambia kwamba kuna kitu kimetokea. Nilipokuwa darajani mhubiri alikuwa ndiyo kwanza anawaambia watu wafungue kitabu cha Yona. Nikasikia "Yona." Kisha nikasikia "Amina," kwaya ikaanza kuimba, na mbele yangu kulikuwa na vibanda vya Mutomo. Katikati hapakuwa na kitu. Sikuwa nimesinzia. Shingo ilikuwa imesimama, mikono iko mahali pake, kinywa kimekauka kidogo tu. Lakini Ikutha, soko zima lenye watu na mbuzi na matuta ya barabarani, lilikuwa limepita chini ya magurudumu yangu na mimi sikuwepo.

Kabla sijamaliza kushangaa, polisi akanipungia mkono kando ya barabara.

"Mama, unakimbilia nini?"

"Nakimbia?"

Akanigeuzia kamera yake. Katika kile kioo kidogo niliona gari jeupe, nambari zangu, na tarakimu ya mwendo ambayo sikuwahi kuifikisha hata nikiwa na kaka. Nyuma ya kioo cha gari kulikuwa na uso wa mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani.

"Huyu si wewe?" akaniuliza.

Nilitazama kwa muda. Kitambaa kilikuwa changu. Uso pia ulikuwa wangu, ila ulikuwa umetulia kuliko ninavyojijua, kama uso wa mtu kwenye picha ya tangazo la mazishi.

"Ni mimi," nikasema.

Nililipa faini, nikakatwa pointi, nikaendelea na safari nikiwa mnyonge. Nilipofika Nuu, mwaitu alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Nilimsalimia, nikapiga magoti ili anipapase uso kama alivyozoea tangu macho yalipomwacha. Alipomaliza akaelekeza kichwa upande wa gari.

"Na huyo uliyemwacha ndani ya gari, kwa nini hashuki?"

"Nimekuja peke yangu, mwaitu."

"Mkaribishe," akasema. "Jua ni kali."

Msichana wa kupika akacheka na kuniambia ni uzee. Mimi pia nikacheka. Lakini nilipotoka kwenda kuchukua unga na sukari kutoka kwenye buti, nilifungua kwanza mlango wa mbele, ule wa abiria, na kuuacha wazi kidogo. Sijui nilimfungulia nani.

Safari iliyofuata nilijiwekea ulinzi. Nilinunua njugu nizitafune njiani, nikaiweka redio kwenye muziki wa kelele, nikajisemea kwamba nitasoma kila kibao. Nilisoma kibao cha daraja. Baada ya hapo nakumbuka nikiwa kituo cha mafuta mjini Kitui, nimezima injini, mkono uko kwenye ufunguo. Mfuko wa njugu ulikuwa umejaa vile vile. Kijana wa kituo akazunguka mbele ya gari, akainama.

"Mama, umegonga kuku?"

Nikashuka. Katika matundu ya mbele ya gari palikuwa na manyoya ya kanga, yale meusi yenye madoadoa meupe, yamenasa na kutetemeka kwa upepo. Nikayatoa moja moja. Yalikuwa laini na yenye joto, nadhani joto la injini. Sikukumbuka ndege yeyote. Sikukumbuka mshindo, wala kivuli, wala kukanyaga breki. Nikasimama pale na manyoya kiganjani, na wazo likaniingia ambalo halijatoka hadi leo. Hawa walikuwa kanga. Je, wangekuwa watu?

Ningeacha siku ile. Mwenye akili angeacha. Lakini mwaitu alikuwa na kikohozi, na njia nyingine ilikuwa ile ya milima niliyokatazwa. Wiki hiyo hiyo nikapokea wito kuhusu mwendo wangu karibu na Ikutha; kamera ilikuwa imeniona tena. Pointi zikakatwa. Kaka alinipigia simu akiwa mkali.

"Wewe una nini? Nimeendesha lori miaka yote na sijawahi kufungiwa leseni. Wewe hata mwaka hujamaliza!"

"Kaka, barabara ile inanimeza."

"Barabara haimezi mtu. Punguza mguu."

Mara ya tatu sikusimamishwa na aliyetaka kunisimamisha. Nilikuwa nimekaribia Mutomo nilipokuta gari la polisi limekaa katikati ya lami, na askari wawili wamenyoosha mikono. Hao niliwaona vizuri. Nikasimama, nikateremsha kioo.

"Mbona umemkataa afande kule nyuma?" mmoja akauliza.

"Afande gani?"

Wakatazamana. Yule mkubwa akaniambia polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mama, kuna afande wa kike alikuwa amesimama barabarani. Amekupungia, amepuliza filimbi. Ameruka kando ndiyo usimgonge. Umempita kwa nusu hatua tu."

Niligeuka kutazama nyuma. Barabara ilikuwa tupu, inameta.

Kortini nilikubali makosa yote. Ningekataa nini? Hakimu, mwanamume mwenye sauti ya upole, aliniuliza kama nina la kujitetea. Nikamwambia sikumwona yule afande. Akaniuliza nilikuwa nafikiria nini wakati huo. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa nafikiria chochote. Kisha akasema leseni yangu inafungwa, na muda ukiisha nitarudi kufanya mtihani upya kama mtu ambaye hajawahi kuendesha.

Nilikuwa kwenye veranda ya korti namngoja kaka anichukue, wakati polisi wa kike, kijana, rika la binti yangu, alipokuja akasimama mbele yangu. Nilijua ni yeye kabla hajasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Nataka tu kukuuliza kitu." Alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. "Siku ile ulinitazama. Ulinitazama usoni tangu mbali mpaka ukanipita. Hata kichwa ulikigeuza kunifuata. Ulikuwa unaona nini?"

Nilitaka kumpa kitu, mwana wa wenyewe, hata uongo.

"Sijui," nikasema.

"Kwa sababu ulikuwa unatabasamu," akasema. "Hiyo ndiyo inanisumbua nikilala." Akavaa kofia, akaenda.

Nyumbani Kalamba kila mtu alikuwa na maelezo yake. Daktari wa mjini Wote alinipima damu, sukari, presha, akaniuliza kama kwetu kuna kifafa, akaniambia sina shida. Jirani yangu alisema barabara ile imepita juu ya makaburi, na kwamba aimu, pepo za wafu, hupanda gari la mtu anayesafiri peke yake. Kina mama wa kanisa walimleta mchungaji kutoka Matiliku. Alilizunguka gari akikemea, akapaka usukani mafuta, akaweka mkono juu ya kiti cha abiria na kuuondoa haraka, kisha akaomba tena kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Sikumuuliza alihisi nini. Walipoondoka nililifunika gari kwa turubai, nikarudi kwenye cherehani yangu. Niligundua kwamba sasa nilikuwa nautazama mguu wangu kila ukikanyaga pedali, kana kwamba ni mguu wa mgeni.

Kikohozi cha mwaitu kikazidi. Kaka akaja kutoka Emali, tukalifunua gari, akashika usukani yeye. Kutoka Kalamba mpaka Kibwezi alinisema. Kwamba nimeaibisha nyumba. Kwamba angeulizwa ni nani aliyemfundisha huyu. Mimi nilikaa upande ule wa abiria ambao niliufungulia mlango kule Nuu, mikono juu ya mapaja.

Tulivuka daraja la Athi saa ambazo jua liko utosini. Kaka alikuwa ananieleza jinsi tutakavyogawa shamba la chini kwa ajili ya pojo. Akasema, "Ile sehemu ya mtoni tutaiacha..." Nikangoja amalizie. Hakumalizia. Nikadhani anatafakari. Nikatazama vichaka.

"Tutaiacha aje?" nikauliza baadaye.

"Mm," akasema.

"Nani atalima?"

Hakujibu. Nikamgeukia.

Alikuwa ameketi wima. Mikono yake iko sawa kwenye usukani, ile mikono mikubwa iliyonifundisha kubadilisha gia. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mbele, na yalikuwa yakipepesa kama kawaida. Lakini hakuna mtu aliyekuwa akitazama kupitia macho hayo. Ni kama kufika kwenye nyumba unayoijua, taa inawaka, mlango uko wazi, unapiga hodi na hodi yako inarudi. Na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na tabasamu dogo, tabasamu la mtu anayesikiliza jambo zuri kutoka mbali.

Mshale wa mwendo ulikuwa unapanda taratibu, bila haraka.

Nilimwita kaka. Nikamwita jina lake la ubatizo. Gari lilizidi kwenda. Mbele kabisa, ndani ya ule mmeto, vikatokea vitu vyeusi vyenye miguu mirefu inayoyumba, vikawa vinene, vikawa punda. Punda wa maji, wamebeba mitungi, wanavuka barabara kwa mpangilio wao, na mwanamke nyuma yao na fimbo.

Nikampiga begani. Bega lilikuwa gumu kama gogo. Hapo nikapiga kelele lile jina la utotoni ambalo mwaitu peke yake ndiye hulitumia, akimwita kutoka jikoni aje kula.

Aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likapiga mlio, likageuka ubavu, likaingia kwenye mchanga na kuzimika. Vumbi jekundu likatufunika tukawa hatuoni hata boneti. Lilipotua, punda walikuwa wamesimama karibu sana na kioo changu, wanatutazama, na yule mwanamke ameziba mdomo kwa kitenge chake.

Kaka alipumua kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Tumefika Ikutha?"

"Tumeipita zamani."

Akafungua mlango, akatapika kwenye mchanga. Nilimpa maji. Yule mwanamke alimpa pole, akapita na wanyama wake, akigeuka kila mara kutuangalia. Tukakaa chini ya mti usio na majani, mtu na ndugu yake, watu wazima wenye mvi, tumeegemeana kama watoto walionusurika mafuriko.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema.

"Nini?"

"Hii. Tangu enzi za lori. Unaondoka Mtito, unajikuta Voi. Katikati hujui ni nani alikuwa anaendesha." Alikuwa hanitazami. "Wenzangu walikuwa wakifikisha mzigo salama, wanashuka wanacheka. Ningemwambia nani? Mwenye lori angenipokonya kazi. Nikasema ni uchovu. Nikasema ni mimi."

"Na ukanituma barabara hii."

"Nilikutuma kwa sababu imetulia." Akafuta uso. "Sikujua kwamba utulivu ndio unaomeza."

Tulifika Nuu tukienda mwendo wa baiskeli, madirisha wazi, tukiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya, mmoja akinyamaza mwingine anamfinya. Mwaitu alikuwa ndani, kitandani. Alitupapasa sisi wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akasikiliza upande wa uani.

"Leo mmekuja wawili tu," akasema. Akaridhika, akalala.

Kaka alinitazama, nami nikatazama ukuta.

Mwaitu alifariki kabla leseni yangu haijarudi. Nilimzika nikiwa abiria, na hilo liliniuma kuliko maneno ya watu. Muda wangu ulipoisha nikarudi kwenye mtihani pamoja na vijana walioniita shosho, yaani nyanya, nikapita. Mtahini aliniuliza kwa nini navuta pumzi kwa nguvu kila baada ya kibao. Nikamwambia ni mazoea.

Bado naipitia barabara ile, kwa sababu kaburi la mwaitu liko Nuu na boma linahitaji mtu. Kaka hataki kuisikia tena. Yeye sasa anapitia Machakos, kwenye milima. Mimi nasimama. Nasimama darajani, nasimama Ikutha, nashuka Mutomo kununua hata ndizi nisizozihitaji, namsalimia muuzaji na kumuuliza hali ya watoto. Nikiwa peke yangu kati ya soko na soko nasema kwa sauti kila ninachokiona. Mbuzi. Kichuguu. Mama na kuni. Kichuguu kingine. Mtu akinisikia atadhani nimerukwa na akili, na sijali. Pointi zangu ziko zote.

Juzi nilikuwa natoka Kitui, nimeipita Mutomo kidogo, nikaona gari linakuja upande wangu. Halikuwa linayumba. Lilikuwa limenyooka vizuri sana, limeukalia mstari wa katikati. Nikawasha taa, likaja vile vile. Nikatoka kwenye lami, nikaingia kwenye kokoto, nikalaza mkono juu ya honi na kuuacha hapo. Lilipokuwa likinipita nilimwona dereva, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, uso wake umenielekea, mtulivu, anakaribia kutabasamu.

Honi yangu ilikuwa bado inalia wakati taa zake za breki zilipowaka, mbali kidogo. Gari likapunguza mwendo, likarudi upande wake. Mkono ukatoka dirishani, ukabaki umeinuliwa hewani kwa muda mrefu, vidole vimetanuka. Sijui kama alikuwa ananishukuru, au alikuwa anapapasa hewa aone kama yupo.